Mke Mwenza Aliyeitwa Ulingo

Mwaka 1983 Terry Funk aliwaaga Wajapani huku akilia, akasema anastaafu mieleka. Pambano lake la mwisho alikuja kulipiga mwaka 2017. Hapo katikati kuna magoti yaliyokwisha, seng'enge, mabomu, na mwanamke mmoja wa Texas aliyeolewa na yote hayo.

Hebu fikiria mumeo anafunga begi, anakutazama machoni anakwambia, "Hii ndiyo safari ya mwisho, nikirudi natulia." Utampa muda gani kabla hajafunga begi tena? Wanawake wengi ninaowafahamu wangempa miezi sita, wale wapole mwaka. Terry Funk, Mmarekani aliyeishi kwa mieleka ya kulipwa, alihitaji miaka 34.

Najua yupo msomaji ambaye tayari amebetua midomo. "Mieleka? Si maigizo tu yale?" Sawa, tuelewane mapema. Mshindi hupangwa kabla, na hilo siku hizi si siri kwa mtu. Lakini anayeangushwa juu ya mbao huangukia mbao kweli, na goti halijui kwamba mshindi alipangwa. Kazi ya mwanamieleka ni kuutoa mwili wake ili mtu wa kiti cha nyuma kabisa aamini. Ni kazi kama kazi nyingine, ila yenyewe inamla mfanyakazi wake waziwazi, watu wakiwa wamelipa kiingilio.

Sasa twende kwenye mwaka 1965. Mwaka huo kijana Terry, mwenye miaka 21, alifanya mambo mawili makubwa: alimuoa Vicki, na akaanza mieleka. Ndoa mbili kwa mwaka mmoja. Vicki hakuulizwa kama yuko tayari kuishi uke wenza, na hata angeulizwa angejibu nini? Alikuwa anaolewa kwenye ukoo ambao mieleka ndiyo ilikuwa shamba lao. Baba mkwe, Dory Funk Senior, alikuwa mwanamieleka na promota wa Amarillo, mji wa wafuga ng'ombe kaskazini ya Texas. Shemeji yake, Dory Junior, alitwaa ubingwa wa dunia wa NWA mwaka 1969 akakaa nao hadi 1973. Desemba 1975 Terry naye akauchukua. Hakuna ndugu wengine wawili wa tumbo moja waliowahi wote kuuvaa mkanda ule.

Ubingwa ule ulikuwa na balaa lake. Enzi hizo Marekani ilikuwa imegawanywa vipande vipande, kila eneo na promota wake na wanamieleka wake. Bingwa wa NWA hakuwa mali ya eneo lolote, alikuwa mali ya wote. Leo Florida, kesho Missouri, keshokutwa Kanada au Japani, karibu kila usiku pambano, na mengi yalikuwa marefu. Terry aliuvaa mkanda huo kwa miezi 14 hivi, mpaka Februari 1977 alipoupoteza kwa Harley Race mjini Toronto. Nyumbani kulikuwa na mke na mabinti wawili.

MGENI ALIYEPENDWA

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu huyu alishindwa kutulia, usianzie Marekani. Anzia Tokyo.

Tangu miaka ya 1950, enzi za Rikidozan, mieleka ya Japani ilikuwa na kanuni moja isiyoandikwa: mzungu anakuja kuwa mbaya. Japani ilikuwa imetoka kushindwa vita, watu wana machungu, kwa hiyo jitu la Kimarekani likipanda ulingoni na kupigwa na Mjapani, nchi nzima inapumua. Miaka ikapita, machungu yakapoa, lakini mgeni aliendelea kuwa yule yule wa kuzomewa. Alilipwa vizuri, akalazwa hotelini, akazungushwa mikoani na basi la kampuni kwa wiki kadhaa, kisha akarudi kwao. Ilikuwa ajira nzuri kuliko nyingi za Marekani, kwa sababu hela ya wiki ilijulikana kabla mtu hajapanda ndege.

Terry na kaka yake walifanya kazi na kampuni ya All Japan, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Giant Baba, mwanamieleka mrefu kuliko mlango wa kawaida. Tarehe 15 Desemba 1977, katika ukumbi wa Kuramae jijini Tokyo, akina Funk walikutana kwenye fainali na watu wawili wa kutisha: Abdullah the Butcher na The Sheik. Abdullah alichomoa uma. Ndiyo, uma wa kulia chakula. Akamchoma nao Terry mkononi, tena na tena, damu ikachirizika mpaka kwenye turubai la ulingo. Terry akatolewa nje kufungwa bandeji, kaka mtu akabaki peke yake anapigwa na wawili. Halafu Terry akarudi. Mkono mmoja umefungwa kitambaa, ule mwingine unatupa ngumi.

Basi bwana, usiku huo Japani ikampenda mgeni. Alikuwa amemwaga damu kwa ajili ya kaka yake, na hilo halihitaji mkalimani. Kuanzia hapo wasichana wakawa wanakuja ukumbini kumshangilia kama vile mwimbaji wa bendi. Wimbo wake wa kuingilia, Spinning Toe Hold, uliopigwa na bendi ya Kijapani ya Creation, ukajulikana hata na watu wasiofuatilia mieleka. Jiweke kwenye nafasi yake. Kwenu wewe ni mtoto wa promota, mdogo wake bingwa fulani. Huko ng'ambo ukipita tu mlangoni, ukumbi mzima unasimama.

Nadhani hapa ndipo mke mwenza alipopata nguvu. Tunapozungumzia wanaume, au wanawake, waliooa kazi, huwa tunakimbilia kusema ni tamaa ya hela. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna watu wanarudi kazini kwa sababu kule ndiko wanakoitwa kwa jina lao.

MACHOZI YA KURAMAE

Tarehe 31 Agosti 1983, katika ukumbi ule ule, Terry alifanya pambano la kuaga. Alikuwa na miaka 39 na magoti ya mtu wa 70. Wapinzani wao walikuwa Stan Hansen na Terry Gordy. Huyo Hansen ni mtu aliyeanzia mieleka mikononi mwa akina Funk hao hao kule Amarillo, kisha akawa mgeni anayeogopwa kuliko wote Japani. Akina Funk wakashinda. Baadaye Terry akashika kipaza sauti, akalia, akarudia kupiga kelele kwa Kiingereza neno moja lenye maana ya "milele, milele". Ukumbi mzima ukalia naye. Ukiitazama picha ya tukio lile leo, hata kama hujui lolote kuhusu mieleka, utameza mate.

Mwaka 1984 alikuwa amerudi.

Wapo mashabiki wa Kijapani waliojisikia kuchezewa, na siwalaumu. Umemlilia mtu kama unazika, halafu mwaka unaofuata unamkuta kwenye bango! Lakini mimi siamini kama alidanganya. Mwongo halii vile. Nadhani usiku ule aliamini kila neno, na ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu kwa anayeishi naye. Mtu anayekudanganya unaweza kumkamata. Huyu anayeahidi kwa moyo wote, na moyo huo huo unabadilika akishasikia wimbo wake unapigwa, unamkamatia wapi?

Miaka iliyofuata aliipitia haraka haraka: WWF mwaka 1985 na 1986, sinema na Sylvester Stallone, nyingine na Patrick Swayze. Mwaka 1989 akamvamia Ric Flair mjini Nashville, akamgongesha kichwa juu ya meza, na Novemba wakamalizana katika pambano la kulazimishana kusema "nimeshindwa". Funk ndiye aliyesema. Alikuwa na miaka 45, na wengi wangeishia hapo wakiwa na heshima zao.

MABOMU UWANJANI

Japani kulikuwa na kijana mmoja, Atsushi Onita, aliyeanzia kwa Baba akiwa mdogo sana wakati akina Funk wakitamba. Goti lilimharibikia mapema, akaambiwa mieleka basi. Mwaka 1989 akaanzisha kampuni yake, FMW, na kwa kuwa hakuwa na wanamieleka wa kushindana na makampuni makubwa, akaleta kitu ambacho wakubwa hawakukithubutu: kamba za ulingo zikaondolewa, ikazungushwa seng'enge, na kwenye seng'enge zikafungwa baruti.

Tarehe 5 Mei 1993, kwenye uwanja wa Kawasaki, Onita alipanda dhidi ya Funk. Watazamaji waliotangazwa walikuwa 41,000. Kampuni iliyoanza bila kitu ilikuwa imejaza uwanja wa besiboli! Ukigusa seng'enge, inalipuka. Na kulikuwa na saa: dakika 15 zikiisha, ulingo mzima unalipuka.

Onita alishinda, akashuka. Funk akabaki amelala katikati ya ulingo, saa inahesabu. Hapo Onita akageuka, akarudi, akajaribu kumuinua mkongwe yule, akashindwa. Alipoona muda umekwisha akamlalia juu, akamfunika kwa mwili wake mwenyewe, na ulingo ukalipuka wote wawili wakiwa ndani.

Ilipangwa? Bila shaka. Na bado watu walilia. Ni kwa sababu kila mmoja pale alijua historia: kijana aliyekua akimtazama mkubwa wake, sasa anamkinga. Funk alikuwa na miaka 48, amesafiri bahari nzima kwenda kushindwa, ili mdogo wake aonekane mkubwa. Huu ndio upande wa mieleka ambao watu wa nje huwa hawauoni. Anayeshindwa vizuri ndiye anayemtengeneza mshindi, na Terry Funk alikuwa fundi wa kushindwa.

Agosti 20, 1995, alirudi tena Kawasaki, safari hii na kampuni ya IWA, kwenye mashindano yaliyoitwa Mfalme wa Pambano la Kifo. Fainali ikawa kati yake na Mmarekani mwenzake, Mick Foley, wakati huo akiitwa Cactus Jack. Foley alikuwa na miaka 30, Funk 51. Seng'enge, ngazi, milipuko, ngozi imeungua. Foley akashinda. Kwa maisha yake yote Foley amemhesabu Funk kuwa mwalimu wake.

KUMBI ZA MITAANI

Huku Marekani nako jamaa hakukaa ranchini. Kulikuwa na kampuni ndogo zilizojitegemea, nje ya wale wakubwa wenye televisheni. Ukitaka kujua kazi ile ilivyo, fikiria msanii anayezunguka mikoani bila meneja. Unaendesha gari saa sita, unapiga pambano kwenye ukumbi wa shule, unapewa bahasha yako mlangoni, unauza picha na fulana kwenye meza, unalala watu wanne chumba kimoja, asubuhi safari tena. Hakuna bima. Ukivunjika mkono, umevunjika wewe.

Maarufu kuliko zote ikawa ECW ya Philadelphia, iliyokuwa ikipigia mapambano yake kwenye ghala ambalo siku nyingine lilichezeshewa bingo. Vijana wale hawakujulikana na mtu. Walichokuwa nacho ni hasira na miili iliyo tayari kuumia. Funk aliyewahi kuwa bingwa wa dunia akaenda kupigana nao kule kule ghalani. Akishindana na kijana, kijana anapanda bei. Naye mwenyewe alianza, uzeeni, kupanda juu ya kona ya ulingo, kugeuza mgongo na kuruka sarakasi ya kinyumenyume, jambo ambalo halikuwa kwenye mchezo wake alipokuwa na magoti. Hakuwa anairuka vizuri. Alikuwa anaanguka zaidi kuliko kuruka, na ukumbi ulikuwa unapasuka kwa kelele.

Aprili 13, 1997, ECW ilipopata kwa mara ya kwanza matangazo ya televisheni ya kulipia, aliyemaliza usiku na mkanda wa ubingwa ni babu wa miaka 52. Agosti mwaka ule ule akauachia kwa Sabu, kwenye ulingo wa seng'enge, pambano ambalo Sabu alichanika msuli wa mkono, akafungwa tepu, akaendelea. Sitakueleza zaidi kama unasoma huku unakula.

DAKTARI NA MAGOTI

Mtayarishaji Barry Blaustein alikuwa akipiga filamu yake ya maisha halisi, Beyond the Mat, iliyotoka mwaka 1999. Humo unamuona Terry akiwa nyumbani na familia. Unamuona kwa daktari wa mifupa, anaelezwa hali ya goti lake, mzee anasikiliza kwa utulivu wa mtu anayesomewa habari ya jirani. Yeyote aliyewahi kumpeleka mzazi mbishi hospitali anaijua sura ile.

Septemba 11, 1997, Amarillo, mji wake, liliandaliwa onyesho la kusherehekea miaka 50 ya ukoo wa Funk kwenye mieleka. Alipigana na Bret Hart, bingwa wa WWF wa wakati huo, akashindwa mbele ya watu wa kwao. Lilikuwa pambano la kustaafu, na kamera za filamu zilikuwepo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa WWF, amevaa soksi ya mwanamke usoni, ameshika msumeno wa mashine, anaitwa Chainsaw Charlie. Machi 1998 huko Boston yeye na Foley wakachukua ubingwa wa watu wawili kwa kuwatumbukiza wapinzani kwenye jalala la chuma.

Filamu hiyo hiyo ina sehemu nyingine ambayo kila mwenye familia angeitazama. Ni Januari 1999, Foley anapambana na The Rock huku mikono imefungwa pingu nyuma, anapigwa viti vya chuma kichwani. Mkewe na watoto wawili wadogo wamekaa safu ya mbele. Watoto wanalia mpaka wanatolewa. Walikuwa wameshaelezwa kwamba baba anacheza. Baadaye Blaustein anamuonyesha Foley picha ya watoto wake wakilia, na uso wa yule bwana unabadilika.

Tumezoea kumuonea huruma anayepigwa. Filamu ile inageuza kamera kwa aliyekaa kwenye kiti.

SASA MKE AFANYEJE?

Vicki Funk hakuwahi kuwa nyota wa lolote. Jina lake linatajwa pale habari ya mumewe inapofika nyumbani. Lakini fanya hesabu ya maisha yake. Toka 1965, kila simu ya usiku ni ama mume anasema amefika, ama mtu mwingine anasema ameumia. Kila "mwisho" unatangazwa hadharani, watu wanalia, halafu promota anapiga simu.

Kuna marafiki zangu watasema alitakiwa kuweka mguu chini: mimi au ulingo, chagua. Sharti la namna hiyo linafaa kwa mume mlevi, sina hakika kama linafaa kwa mtu mwenye kipaji. Ukimzuia atakaa, ndiyo. Atakaa sebuleni akitazama dirisha, na utakuwa unaishi na mgonjwa. Lakini pia sitaki kuipamba hali hii. Mtu anaporudi nyumbani hawezi kupanda ngazi, anayemvua viatu si shabiki wa Tokyo. Tunasema "alijitoa mwili wake kwa ajili ya mashabiki", kauli nzuri sana, ila mwili wa mtu mwenye familia si wa kwake peke yake. Magoti yale yalikuwa ya Vicki pia. Na ya mabinti.

Kama una mwenza wa aina hii, awe daktari, mwanasiasa, mwanamuziki, au jamaa anayefungua laptop saa nane za usiku, usimpime kwa ahadi zake za kuacha. Muulize swali dogo: mwezi huu utakuwa nyumbani siku ngapi? Hilo linahesabika.

Aprili 2009, Terry na Dory Junior waliingizwa pamoja kwenye ukumbi wa heshima wa WWE. Mwaka 2013 wakapanda tena pamoja jijini Tokyo, wazee wawili, na Wajapani wakawapokea kana kwamba uma wa Abdullah ulikuwa wa juzi. Septemba 2017, Terry alipiga pambano huko Raleigh, North Carolina, akiwa na miaka 73. Lilikuwa la mwisho.

Vicki alifariki Machi 2019, akiwa bado mkewe. Terry hakupanda tena ulingoni. Mwaka 2021 ikajulikana kwamba anaishi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, anaugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Alifariki Agosti 23, 2023, akiwa na umri wa miaka 79.